Mupangaji wa Chumba cha Nyuma

Nimelala Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, nimelala Kalehe karibu na maji, na uzeeni nikawa sentinelle, mlinzi wa usiku, wa kliniki moja hapa Bukavu. Nilitaka kitu kimoja tu: chumba chenye mlango. Docteur Stanislas, mwenye kliniki, aliniahidi kile cha nyuma, mara tu pipa lililomo litakapokufa.

Ndani ya pipa mulikuwa na glavu, sindano na vitambaa vya wagonjwa waliotibiwa kwa dawa yenye miali ya nyuklia. Uchafu wa namna hiyo hautupwi hivihivi. Unafungiwa mpaka nguvu yake iishe yenyewe. Docteur akapiga hesabu, akataja tarehe, akaagiza mbuzi na pombe ya kasiksi kama watu wanaotoa matanga. Mimi nikanunua godoro.

Siku ikafika. Maman Noëlla, mpimaji wetu, akaingia na appareil yake ya kupima miali. Ikalia.

Docteur akasema ni pile, betri imechoka. Wakabadilisha pile, ikalia vizuri zaidi. Noëlla akaeleza kwamba dawa yenyewe imekufa kweli, lakini ilitoka kiwandani na ndugu yake ndani ya chupa, mwenye miali pia, kidogo sana, na huyo ndugu anaishi muda mrefu.

"Nani alimualika?" Docteur akauliza.

"Hakualikwa, Docteur. Alifuata tu, sawa vile shemeji anakuja kwa siku mbili, na mwaka unaisha."

Mbuzi alikuwa tayari motoni. Docteur akamwomba Noëlla apimie mlangoni, ikalia polepole. Akamrudisha nyuma tena na tena, mpaka kwenye portail, lango la barabarani. Pale ikanyamaza.

"Munaona? Imekufa. Muzee Murhula, ingiza godoro."

Nikamuuliza Noëlla kwa sauti ndogo kama yeye angelala humo. Akajibu kwamba haitaua mutu leo, ila yeye hata viatu vyake hangeviacha humo.

Basi nikasema, "Docteur, kwetu mwenye kutoa chumba analala na mugeni usiku wa kwanza. Godoro iko kubwa, tutaenea."

Desturi hiyo niliitunga palepale. Nimezunguka sana, hakuna anayejua tena kwetu ni wapi. Docteur akaliangalia godoro. Kisha akaomba kufuli ya kufungia chumba.

Mbuzi tulimla hata hivyo. Bukavu nzima wapangaji wanafukuzwa; huyu wa ndani ya pipa, hata Docteur hamuwezi. Ana chumba, ana kufuli mpya, ana na sentinelle wake. Mimi nina godoro, barazani. Mvua ikitoka upande wa ziwa, nasogea karibu na mlango wake. Si sana.