Aliyetumwa Chumvi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Sokoni, msibani, hata hospitalini, watu walimwita Bi Kelele, kwa jina la mke mgomvi aliyemwigiza kwenye runinga tangu akiwa msichana mwembamba mpaka mvi zikaanza kumchungulia kwenye paji la uso. Mchezo ulikuwa wa vichekesho, ukirekodiwa mbele ya watazamaji katika sebule yenye kuta tatu. Mumewe humo aliitwa Mzee Pole, mtu wa kusema neno moja pale mke anaposema mia, na neno hilo moja ndilo lililowavunja watu mbavu.

Mzee Pole ndiye aliyemfundisha kazi. Siku za mwanzo Bi Kelele alikuwa akirukia maneno yake kabla watu hawajamaliza kucheka. "Mke wangu wa kwenye kioo," mzee alimwambia, "kicheko ni mgeni. Mwache akae, anywe maji, aage. Ndipo useme."

Palikuwa na sanduku moja la kahawia, komeo lake limekufa, linafungwa kwa kamba. Mtayarishaji wa kwanza kila alipomchoka mwigizaji, alimwandikia safari: anabeba sanduku, anaaga, anatokea mlango wa jikoni, basi, harudi tena. Ndiyo maana waigizaji walipopewa kurasa zao walitafuta kwanza neno sanduku, kama mgonjwa anavyoutafuta uso wa daktari. Na aliyelibeba, taa zikishazimwa, wenzake walisimama wakampigia makofi mpaka langoni. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Lilizuka lenyewe, likakaa.

Mtayarishaji yule alipostaafu, Bi Kelele akakalia kiti chake. Siku hiyohiyo alilitia sanduku stoo, akafunga kwa kufuli mbele ya wote. "Mimi nikiwa hapa," alisema, "hili halitoki."

Wakashangilia. Mzee Pole alikuna kidevu. "Mke wangu, usitukane mamba na mto hujauvuka."

Mamba alikuja akiwa amevaa suti. Alikuwa mkuu wa vipindi wa kituo, kijana ambaye Bi Kelele angeweza kumzaa.

"Mama, tunakuheshimu sana," alianza. Mkubwa akianza na heshima, shika mkoba wako. "Ila yule mzee anachelewa. Neno moja, mpaka nakunywa chai naimaliza. Vijana hawasubiri siku hizi."

"Kule kuchelewa ndiko kuchekesha kwenyewe, mwanangu."

"Basi atoke yeye, au utoke mchezo mzima. Chagua, mama. Mimi sina ubaya na mtu."

Bi Kelele alijiambia kwamba anawafikiria wapiga kamera na watoto wao. Aliwafikiria, si uongo. Lakini jina lake, lile la kitambulisho, ambalo sasa lilitokea peke yake kwa herufi kubwa mwanzoni mwa mchezo, alilifikiria kwanza.

Kumwambia mzee hakuweza. Kumbebesha sanduku hakuthubutu, maana alikuwa ameapa. Akaona njia ya tatu, na akajiona ana huruma. Aliandika kwamba Bi Kelele anaonja mchuzi, anakuta hauna chumvi, anamtuma mumewe dukani. Mume anatoka. Hakuna kuaga wala kulia. Kila mwigizaji hupewa kurasa zake mwenyewe tu, kwa hiyo mzee hakuwa na pa kugundulia.

"Za kurudi mbona sizioni?" aliuliza kwenye mazoezi, akipekua karatasi.

"Bado nazirekebisha. Utazipata siku yenyewe, papo hapo."

"Haya. Wewe ndiye mkubwa."

Siku ya kurekodi Mzee Pole alisimama mlangoni, akamtazama mkewe, akautazama mchuzi, akasubiri mpaka ukumbi ukaanza kutekenyeka wenyewe. Kisha akakohoa kama kawaida yake, akasema, "Pole," akimwambia mchuzi. Watu walicheka wakalia. Akatoka. Mchezo ukaendelea kwa majirani na ugomvi wao, ukaisha, makofi yakapigwa, taa zikazimwa. Waigizaji wakaenda kujifuta poda wakipiga soga.

Bi Kelele alipita nyuma ya ule mlango wa jikoni, akamkuta. Alikuwa amesimama penye giza, kofia ameiweka sawa, pakiti ya chumvi mkononi.

"Bado?" mzee alinong'ona, kwa vile nyuma ya seti watu hunong'ona.

"Tumemaliza."

"Tumemaliza vipi na mimi sijarudi?"

Bi Kelele, mwenye maneno mia, aliitazama ile pakiti. Mzee alitazama upande wa stoo.

"Sanduku liko wapi?"

"Niliapa halitoki. Sikutaka uumie."

"Yule mlevi aliyekuwa akitutapikia nyuma ya mapazia alipigiwa makofi mpaka langoni," mzee alisema polepole. "Mimi nimesimama hapa nimeshika chumvi."

"Naweza kuwaita. Bado wapo."

"Waje wanipigie makofi ya kuitiwa?" Alimfungua kiganja, akamwekea ile pakiti. "Panya huuma huku akipuliza, mke wangu, ili aliyelala asisikie. Wewe umepuliza ili wewe usisikie."

Alitokea mlango wa nyuma, wa kupitishia mbao na mapipa ya taka.

Bi Kelele alidhani watazamaji watasahau. Kumbe walishika palepale. Watoto walimfuata barabarani: "Bi Kelele, chumvi imefika?" Mkuu wa vipindi akafurahi. "Mama, una akili ya ajabu. Mtaje kila wiki." Basi kila wiki alikwenda dirishani pa sebule ile, akapaza sauti: "Mzee Pole, hiyo chumvi unaichimba?" Ukumbi ulinguruma. Naye alimwacha mgeni akae, anywe maji, aage, kama alivyofundishwa. Hakuna kichekesho chake kilichopata kusifiwa kama hicho.

Mchana mmoja, baada ya kukata simu mara nyingi kabla haijaita, aliiacha iite. Aliyepokea alikuwa binti wa Mzee Pole, yule aliyekulia ukumbini akifanyia hesabu za shule juu ya masanduku ya taa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Ametoka."

"Kaenda wapi?"

"Dukani. Kaenda kununua chumvi."

Nyuma ya sauti ya binti, kijiko kiligonga kikombe, kisha mtu akakohoa. Kikohozi hicho Bi Kelele alikijua kama chake mwenyewe, maana siku zote kilitangulia lile neno moja. Alilisubiri. Halikuja.

"Atarudi saa ngapi?" aliuliza.

"Kurasa hizo hatujapewa, mama mdogo," binti alisema, akakata simu.