Uta Usiosikika

Shemeji alimletea fundi seremala uta Jumatatu asubuhi akitoka kazini, macho mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Usiku anakanda, mchana analala. Uta wenyewe ulikuwa wa marehemu baba wa fundi huyo, aliyeshindana nao ujanani: wa mbao, ncha zake zimejikunja kuelekea mbele. Dada wa fundi, mke wa shemeji, ndiye aliyeurithi.

"Unapiga kelele mno," shemeji alisema. "Nikilenga shabaha uani, mtaa mzima unajua."

Fundi, ambaye watu walimwita Gundi kwa kuwa hakubanduka kwenye kazi mpaka iishe, alifurahi. Miaka yote ilikuwa miguu ya meza na droo zilizogoma kufunguka. Aliupapasa uta wote, hakuona ufa. Akapiga mshale mmoja kwenye gunia la maranda, kamba ikalia hadi vioo vya dirisha vikaitika.

Aliivua kamba, akaisokota mizunguko michache ili ifupike, akairudisha, akapiga. Sauti ikashuka. Mizunguko mitatu tena, ikashuka zaidi. Alipoongeza mingine ikapanda, akapunguza. Siku mbili alikuwa kwenye hayo, mteja wa kabati akimngoja. Alibandika ngozi laini pale kamba inapogusa ncha, akafunga kwenye kamba vishungi viwili vya sufu vya kumeza mtetemo. Mwisho akachonga mishale mitatu mizito, maana mshale mwepesi huondoka na nguvu kidogo, iliyobaki huishia kuutetemesha uta. Manyoya aliyafunga kwa uzi wa kijani wa kushonea makochi.

Alhamisi shemeji akaujaribu. Tup, kama kitabu kinachofungwa.

"Mtu wa hatua ishirini hasikii," Gundi alisema, kifua mbele.

"Hicho ndicho nilichotaka," shemeji akajibu, akaondoka bila hata kukaa.

Jumatatu iliyofuata aliingia karakana mwalimu mstaafu, mama aliyepakana ukuta na dada. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alilifungua gazeti juu ya benchi. Ndani mlikuwa na nusu ya mshale, damu imekauka, uzi wa kijani bado umekaza. "Nimeukuta ubavuni mwa mbwa wangu, amekufa. Nilikuwa jikoni, dirisha wazi, sikusikia kitu. Wewe unajua mambo ya mbao. Huu ni wa nani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Haya. Ahsante, mwanangu." Akaufunga tena, taratibu.

Gundi alifunga karakana jua likiwa bado juu, akaenda kwa dada. Shemeji alikuwa amekaa mezani, uso umetakata kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Miezi minane sijalala mchana kwa kubweka kwa yule mbwa," alisema kabla hajaulizwa. "Nilimwomba Mwalimu amfunge upande wa pili. Kila siku kesho, kesho."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenitengenezea?"

Gundi aligeuka akatoka. Dada, aliyesimama mlangoni, alimfuata mpaka nje.

"Juzijuzi nusura mkono wake uingie kwenye mashine kwa usingizi," alisema. "Amekosa, sikatai. Lakini ukisema, umenivunjia nyumba, kaka. Sina wengine zaidi yenu wawili."

Siku mbili Gundi alipima mbao moja mara nne na bado akaikata fupi. Jumatano alibisha mlango wa Mwalimu.

"Nilikudanganya," alisema akiwa bado amesimama. "Mshale niliuchonga mimi, na uta niliutuliza mimi. Aliyepiga ni shemeji yangu. Sikujua anautakia nini, lakini pia sikumuuliza."

Mwalimu hakumkaribisha ndani. "Unajua siku mbili hizi nimeishi vipi? Namsalimu kila jirani huku najiuliza, ni huyu? Hata mama mkwe wa dada yako, mtu wa tasbihi, nilimshuku."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusikia," alisema. Hakusema amesamehe.

Mwalimu alikwenda polisi siku ileile. Uta ukachukuliwa, shemeji akaonywa mbele ya hakimu, na kiwandani, habari zilipofika, wakamhamishia zamu ya mchana. Dada hakupokea simu za Gundi mwezi mzima.

Kisha asubuhi moja akaja na kiti cha jikoni, mguu mmoja umelegea. Hakumwita kaka.

"Kinayumba," alisema.

"Subiri kidogo, si kazi kubwa."

Alitia gundi, akakaza kwa kamba, wakangoja ikauke. Hakuna aliyemtaja shemeji wala Mwalimu. Gundi alimletea maji. Alisema hana kiu. Kilipokuwa tayari alikikalia kukijaribu, akabaki amekaa akitazama sakafu yenye maranda. Halafu akasimama, akakibeba begani, akaenda.