Fa ya Katikati

Haya, wewe uliyekaa hapo, tegua hiki. Ninao watoto themanini na wanane, weupe hamsini na wawili, weusi thelathini na sita. Ukimgusa yeyote anaimba, isipokuwa mmoja. Huyo hata umkandamize vipi, kimya. Umeshindwa? Ni piano yetu ya sebuleni, na bubu wake ni kibao kimoja cheupe, fa ya katikati.

Mjukuu wangu, tunayemwita Kidole, amekulia kwenye piano hiyo. Mchana anauza dawa famasi; akirudi anawasha gemu. Usidhani anataka kushinda. Anapambana na joka mpaka muziki unapopamba moto, halafu anamsimamisha joka wa watu mdomo wazi, anachukua penseli. Anasikiliza kipande kidogo, anakitafuta kwenye piano, anakiandika kwenye ile mistari mitano ya noti za muziki. Ngoma, filimbi na makelele yote ya gemu anayabana mpaka yaingie kwenye mikono miwili. Akimaliza anazipiga picha karatasi zake na kuziweka mtandaoni, anayetaka achukue bure. Ameshaweka vipande thelathini na kimoja.

Popote fa ya katikati ilipotakiwa, aliikwepa. Aliipandisha juu, au aliishusha chini, au aliweka jirani yake. Vidole vilishazoea kuliruka pengo hilo, kama unavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwenu bila kuitazama.

Basi mwalimu mmoja wa piano, wa mbali huko, akamwandikia. Wanafunzi wake wangepiga vipande vyake vitatu mbele ya wazazi, na alitaka maelezo mafupi ya kuchapisha, yamfikie kabla ya Ijumaa. Akauliza kwa adabu: kwa nini fa ya katikati haimo hata mara moja katika kazi zake zote? Darasa zima limebishana. Mmoja anasema ni maombolezo, mwingine anasema ni falsafa.

Kidole akanywea. Akisema kweli, watajua wanamsifu mtu wa piano mbovu; akidanganya, uongo utachapishwa. Siku nne hakugusa piano. Jumatano nikamsikia akisema afadhali avifute vyote thelathini na kimoja. Hapo nikaona mambo yanaharibika, nikampigia simu fundi wa piano.

Fundi alikuja kesho yake, akafungua kifua cha piano, akamulika tochi, akacheka peke yake. Hakuna kilichovunjika. Akaingiza koleo nyuma ya kinyundo cha ile fa, akachomoa kitambaa cha maua ya zambarau, kimekunjwa kikakunjika.

"Hiki hakikuingia chenyewe, mama," akaniambia. "Kimeshindiliwa na mtu aliyedhamiria."

Kidole akakigeuza huku na huku. "Bibi, nani aliweka hiki?"

Nikamuuliza fundi kama chai yake anaweka sukari.

Fundi alipoondoka, Kidole akapiga kipande chake kimoja, safari hii fa ikiwa mahali pake. Kilitoka sawasawa. Akakirudia kama alivyokiandika mwenyewe, na uso ukamkunjuka. Akasema kile cha kuruka ndicho chenye madaha, hafuti kitu wala habadilishi kitu. Akachukua simu, akaanza kumjibu mwalimu, anasoma huku anaandika: hakuna falsafa, mwalimu, kibao hicho kwetu kilikuwa bubu kwa sababu...

Kidole chake kikasimama hewani. Akanitazama. Halafu akatazama picha ya ukutani, mimi nimempakata akiwa mdogo, nimevaa gauni la maua ya zambarau.

"Kwa sababu gani, Bibi?"

Nikaweka kikombe chini.

"Mwandikie hivi. Ulipokuwa na miaka miwili ulikipenda kibao hicho kimoja tu, ukawa unakigonga kila mchana nikijilaza. Ni mimi niliyekiziba, nipate usingizi. Nikalala vizuri mno, mpaka nikasahau kukizibua."