Safu ya Uhusiano

Kila mwaka wastaafu huja dirishani kwangu kuhakikiwa, yaani kuthibitisha kwamba bado wanapumua. Nawasomea faili zao, nawauliza kama kuna mabadiliko, wanatia sahihi, wanaenda zao. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita bila kupindisha chochote, isipokuwa kwenye faili moja.

Ni faili la fundi mitambo aliyestaafu karakana ya reli. Ndani yake mna fomu ya mteuliwa, yule atakayelipwa mafao mwenye faili akifa. Fomu ina safu mbili. Safu ya jina ina jina langu. Safu ya uhusiano imeandikwa: mke.

Nilikuwa mkewe kweli, miaka mitatu, enzi za ujinga wetu. Akaniacha kwa barua ya mistari minne, akahamishiwa mji mwingine, akaoa. Aliporudi na mvi zake na huyo mwenzake, alinikuta nyuma ya kioo hiki. Akaniita "bi karani", kana kwamba hatujawahi kulala kitanda kimoja. Nami nikamwita mzee.

"Mteuliwa: mke," nilisoma siku ile. "Kuna mabadiliko?"

"Mabadiliko gani tena? Mke ni mke!" Akamgeukia mwenzake, akacheka. "Huyu hapa, hajaniponyoka."

Utaratibu unataka nisome safu zote mbili. Nilisoma moja. Pesa zake sikuzitaka, Mungu shahidi wangu, nilitaka akumbuke. Nilitaka aje siku moja peke yake, aniite kwa jina, aniombe nilifute. Nikangoja mwaka, ikawa miaka sita. Kila mwaka nilisoma safu ile ile, na kila mwaka kola ya shati ilizidi kumpwaya shingoni.

Safari ya mwisho alikuja kwenye kiti cha magurudumu, mkewe akisukuma. Pumzi yake niliisikia kabla sijamwona.

"Dada, tusomee taratibu leo, masikio yake hayafanyi kazi vizuri," mkewe aliniomba. "Hata cherehani yangu nimeiuza kwa ajili ya dawa. Likitokea la kutokea, nina mafao haya tu."

Nikasema moyoni, basi, imetosha. Nikavuta droo, nikatoa fomu ya mabadiliko, nikaiweka mezani.

Mkewe akamfuta mate, akacheka kidogo, kicheko cha kunizoea. "Ananisumbua huyu! Lakini mimi nina nafuu. Anasema mke wake wa kwanza alikuwa gogo, hata chai alikuwa hajui kuchemsha."

Hakujua anamwambia nani. Mzee alijua. Akainamia blanketi la magotini.

Damu ilinipanda. Miaka thelathini na tisa, bado mimi ni kichekesho cha mezani kwake! Nikairudisha fomu, nikaifunga droo kwa goti.

"Mteuliwa: mke. Kuna mabadiliko?"

"Hakuna, dada," mkewe akajibu, akamshika kidole gumba akakichovya kwenye wino. Mzee akainua uso. Midomo yake ilicheza, nadhani alikuwa anatafuta jina langu. Sikumsubiri.

"Anayefuata!"

Hasira hasara, mama alizoea kunionya. Yangu ilichukua wiki mbili kupoa. Ijumaa nilitia ile fomu na kidau cha wino kwenye mkoba, nikaapa Jumatatu nikitoka kazini nitapita kwao, nimwambie mkewe yote, lawama iniangukie.

Jumatatu asubuhi, mkoba ungali begani, nilimkuta mkewe yuko mbele kabisa ya foleni. Alikuwa peke yake. Akapitisha cheti cha kifo chini ya kioo, kimekunjwa mara nne.

"Hapa simjui mwingine," alisema. "Nimeona bora nije kwako."

Dai la mafao lina kanuni moja: jina la mteuliwa husomwa kwa sauti, mdai akisikia. Nikafungua faili. Kidole changu kikakwama kwenye safu ya jina. Akadhani namwonea huruma, akasogeza uso karibu na tundu la kioo.

"Soma tu, dada," akasema. "Mke ni mimi."