Mizinga ya Meli ya Bwana Lucien

Kaa. Hapana, si pale, kaa huku penye ninaona mikono yako. Usikasirike, hii njo namna yangu. Mutu mwenye kutumika na feza na shaba miaka makumi tatu mu Kadutu, akiamini kila mutu mwenye kuingia mu atelie yake, atakufia mu buloko, mu gereza. Mudogo yangu Abedi aliamini mutu. Nitakufikisha pale.

Ilikuwa mwaka ya cinquante-sept, makumi tano na saba, wakati ya kiangazi. Muzungu mumoya, Bwana Lucien, alikuya kwangu kwa muguu. Unasikia? Kwa muguu! Muzungu mwenye motokari, mwenye kutumika ku mine, machimbo ya zahabu, kule upande ya Mwenga, anaacha motokari yake chini ku barabara, anapanda Kadutu mu vumbi na katoni chini ya kwapa. Roho yangu ikashituka pale pale.

Akafungua katoni. Ndani mulikuwa meli ya miti, ya zamani za matanga, urefu kama mukono yangu. Alikuwa ameijenga mwenyewe, kipande juu ya kipande, na nisiseme uongo, ilikuwa muzuri. Kisha akanionyesha katalogi. "Angalia, Almasi. Mu katoni banakuuzisha miti tu. Vingine vyote unanunua mbali: nanga, taa, kamba ya hariri, kibao ya jina, mizinga. Mimi nataka mizinga. Makumi mbili, urefu ya kidole. Utaniyeyushia."

"Kule Ulaya habauzishe mizinga, Bwana?"

"Banauzisha. Bei iko juu."

Bei! Nanga iko pale, ya Ulaya. Kamba ya hariri, ya Ulaya. Kibao ya jina kinang'aa, cha Ulaya. Ni mizinga tu njo inamushinda bei? Nikajiambia: Almasi, fungua macho.

Akatoa mu mufuko kipande ya chuma yenye kupakwa mafuta nyeusi ya mashini. "Laiton," akasema, ile shaba ya manjano. "Inatoka ku mashini ya zamani. Jaribu moya, mimi nangojea hapa."

Nikaitia mu chungu, nikapuliza moto. Sasa sikia vizuri, juu hii njo kazi yangu. Laiton ikiyeyuka inatoa moshi nyeupe. Kila siku. Ile moshi inapanda ku bati, inashika kule kama unga ya mihogo. Inua macho, unaiona? Bibi yangu Mwanvita anakohoa, ananitukana, anafungua mulango. Ile siku nikangojea moshi. Wapi! Ile kintu ikayeyuka kimya, na Mwanvita hakukohoa.

Nikaimwanga mu muchanga, ikapoa, nikaanza kuipiga tupa. Bwana Lucien akatoa burashi kidogo na anvelope, akafagia unga ya tupa chini ya mikono yangu. Yote, mpaka ile ya ku magoti yangu! Tangu nizaliwe sikuona mutu anaokota takataka ya laiton. Kisha akaupaka muzinga rangi nyeusi, akaupuliza ukauke, akautia mu mufuko yake, akacheka peke yake.

Zahabu.

Wewe hauyui ile wakati. Mutu mweusi akikutwa na zahabu ya mine, ata kipande kama haragi moya, amekwisha. Abedi alikutwa nayo mu mufuko. Mutu alimuambia, nishikie kidogo, narudi. Mbele ya juge, hakimu, Abedi akasema kweli yote: "Ndiyo, ni zahabu, lakini haiko yangu." Akapata miaka tano. Alitoka na kikohozi, nyuma ya miezi mine tukamuzika.

Siku ya kwanza ya juma Bwana Lucien akaniletea mufuko muzito, chuma ya mizinga kumi na tisa yenye kubakia, pamoja na karatasi ya kupigwa mashini. "Siku ya posho, wiki ikiisha, nitakuya kutwaa. Hii utasinye, utie jina yako. Usijisumbue kuisoma."

Usijisumbue! Alipopotea ku kona, nikaipeleka kwa jirani yangu Papa Anaclet, karani ku posta. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akaniangalia kwa pembeni.

"Papa Almasi, hapa banaandika kama wewe njo ulitengeneza mizinga makumi mbili ya laiton, na chuma yote ilitoka kwako. Muzungu hakuleta kintu."

Kumbe! Akirudi Ulaya na ile meli, ku duane, pale penye banalipisha ushuru, bakikwaruza ile rangi, yeye atatoa karatasi: mimi sijue, nilinunua kwa ule Almasi ya Kadutu. Nikaogopa, kisha nikakasirika mpaka masikio ikapiga kelele. Kurudisha mufuko? Atajua nimejua, atanitumia polisi mbele. Kwenda polisi mwenyewe? Zahabu iko mikononi yangu, na ngozi yangu unaiona.

"Tupa ile kintu, Papa," Mwanvita akaniambia, pale nilirudi ku nyumba.

"Na muzungu nitamupa nini?"

Akaangalia karatasi juu ya meza. "Si banasema chuma ilitoka kwako? Basi itoke kwako." Akaingia ku chumba, akaleta sinia yake ya shaba, ile mama yake alimupa siku ya ndoa kule Uvira. Akaiweka mbele yangu, akageuza uso.

Nikayeyusha sinia na robinet za zamani, zile za bomba ya maji. Moshi nyeupe ikajaa nyumba. Mwanvita alikohoa siku tatu, hakunitukana ata mara moya. Mufuko ya muzungu niliutupa mu choo. Ndiyo, mu choo! Choo yenyewe ilifukiwa zamani. Mbona unaangalia upande ya inje?

Siku ya posho ikafika. Nilikuwa nimemuomba Papa Anaclet akuye, akae ku mulango na kalamu yake. Bwana Lucien akaingia na furaha. Nikamuambia: "Karatasi kwanza, Bwana. Mbili. Moya yako, moya yangu, tusinye wote." Akasinye mbio mbio. Kisha akainua muzinga moya.

Kicheko ikamuishia: ulikuwa mwepesi. Akainua ya pili. Akakwaruza rangi na kisu.

"Hii haiko chuma yangu."

"Chuma gani, Bwana? Soma pale. Chuma yote ilitoka kwangu."

"Nilikupa mufuko!"

"Mufuko ya nini?"

Papa Anaclet akafungua kalamu, pole pole. "Bwana aseme, mimi naandika."

Shingo ya Bwana Lucien ikakuwa nyekundu kama nyama. Na mimi, mwenye kuogopa wiki muzima, nikasimama mbele yake karibu sana, nikasikia pumzi yake.

"Taja, Bwana. Neno ni moya tu. Mudogo yangu aliitaja mbele ya juge, na haikuwa yake. Taja."

Hakutaja. Akakusanya mizinga kumi na tisa, moya moya, akaitia mu katoni, akashuka kwa muguu.