Siku Mdomo Alipogoma

Pale kanisani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mdomo, naye hakununa, maana jina lenyewe alilipata kihalali. Mhubiri yeyote aliyekuja na lugha yake ya kigeni, Mdomo ndiye aliyesimama pembeni yake akiyageuza maneno yale kuwa Kiswahili. Mgeni akipaza sauti, naye anapaza. Akinong'ona, ananong'ona. Mgeni akisema, "Mimi nilikuwa mlevi wa kutupwa," basi Mdomo, mwanamke ambaye hajawahi hata kunusa kizibo cha chupa, anawatangazia watu wazima na watoto wao kwamba yeye alikuwa mlevi wa kutupwa. Ndiyo kazi ilivyo. Mkalimani hasemi "anasema kwamba." Anasema "mimi."

"Mkalimani ni bomba, mwanangu," Mchungaji alimwambia tangu mwanzo. "Maji yakipita, bomba haliulizi yanatoka wapi." Mdomo aliitikia, akawa bomba, tena bomba zuri lisilovuja.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera, na hakumwambia mtu. Miaka yote hiyo ya kuwasemea wengine kwamba Mungu amewaambia hivi na vile, yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa kitu. Akiomba, aliomba. Akinyamaza, kulikuwa kimya. Basi Mchungaji alipotangaza darasa la kusikia sauti ya Mungu, kila Jumatano jioni kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, Mdomo alifika hata kabla viti havijapangwa.

Mwalimu wa darasa alikuwa mzee wa kanisa waliyembatiza Redio, kwa kuwa alikuwa hazimwi. Redio alisikia kila kitu. Mungu alimwambia avae soksi zipi. Alimwambia apite barabara ipi kwenda kazini, na hata barabara yenyewe ikiwa na foleni, Redio alisema foleni nayo ilikuwa na makusudi. Aliwakalisha wanafunzi wake kwenye viti vya plastiki, akawafumbisha macho, akawaambia watulie mpaka sauti ije, kisha kila mmoja aseme alichosikia. Watu hawakumwangusha. Mmoja aliona mto. Mwingine aliahidiwa safari ya ndege. Kinyozi wa kona alisikia kwamba mataifa yatamheshimu, akatoa leso akajifuta machozi. Zamu ikamfikia Mdomo.

"Nimesikia maharage yanaungua," akasema.

Chumba kizima kikacheka. Redio naye alicheka, kile kicheko cha huruma kinachoudhi kuliko tusi. "Dada yangu, hiyo si sauti ya Mungu. Hilo ni tumbo."

"Si tumbo. Imesema tu, nenda nyumbani kazime jiko."

"Umesikia ngurumo? Mwili umekusisimka?"

"Hapana. Imekuja kama mtu anavyokukumbusha kitu."

"Haya," akasema Redio, akamgeukia aliyefuata.

Mdomo akachukua mkoba wake akatoka. Nyumbani alikuta moshi umetanda jikoni, sufuria imekauka, na maharage yameshikana chini, meusi tii. Mama mkwe wake, ambaye macho yamefifia na pua ndiyo kabisa imestaafu, alikuwa amekaa chumba cha pili akisubiri kusomewa Biblia, hana habari kwamba nyumba ilikuwa mbioni kuteketea. Mdomo alizima jiko. Alisugua sufuria ile kwa hasira mpaka mkono ukauma, na hakujua hasa amemkasirikia nani.

Kusoma alisoma, kama kila jioni. Mama mkwe hakuwa msikilizaji wa kulala. "Rudia hapo," angesema. "Unaona? Wakubwa Bwana anawafokea. Lakini akimkuta mtu analia, kwanza anamuuliza unalia nini." Mdomo alirudia mahali hapo. Alikuwa amesoma kurasa zile kwa sauti mara nyingi kiasi kwamba alijua sentensi itaishia wapi kabla hajaifikia, kama anavyomjua mhubiri aliyemkalimania kwa wiki nzima.

Siku hizo aliyekuwa akilia ndani ya nyumba ile alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Mawifi hawa walishona pamoja chumba cha mbele, cherehani mbili zimetazamana, na kazi yao ilikuwa nusu nguo, nusu utani. "Wifi, kola hii umeishona kwa miguu?" "Hapana wifi, nilikuwa nakuiga wewe." Kisha binti wa wifi, mtoto wa miezi michache, akalazwa jioni akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Hospitali walisema hutokea, hawajui kwa nini. Walimzika. Tangu siku hiyo wifi alikaa mbele ya cherehani akakanyaga pedali, sindano ikipanda na kushuka bila uzi. Kigauni cha njano alichokuwa anamshonea mtoto kilibaki na mkono mmoja, kikafunikwa kwa kitambaa, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Wifi alikuwa na swali moja tu, akilirudia asubuhi na jioni: "Nilifanya nini?" Aliliuliza akisukwa nywele. Aliliuliza akimenya vitunguu. Mdomo alimjibu kila mara kwamba hakufanya kitu, na kila mara alimwona hasadiki. Swali lile lilimtisha Mdomo. Aliona siku atakapotokea mtu wa kulijibu, wifi yake hatainuka tena.

"Jumapili twende," akamwambia. "Kuna mgeni. Nitakuwa mbele pale, wewe niangalie mimi tu."

"Watanikodolea macho."

"Wakikukodolea nitawashukia mimi, na maiki mkononi."

Wifi alikaribia kutabasamu. Jumapili akavaa, akajifunga kitambaa cha bluu kichwani, akaenda.

Kabla ya ibada palikuwa na chai ofisini kwa Mchungaji. Mgeni alikuwa mtu wa adabu, mrefu, macho yamechoka kwa safari. Aliuliza, kwa kupitia Mdomo, ni akina nani pale kanisani wana mizigo, ili awabebe katika maombi. Mchungaji hajafungua kinywa, Redio ameshaanza. Alianza na wifi. "Kuna dada amefiwa na mtoto. Atakaa karibu na dirisha, ana kitambaa cha bluu. Mtoto alikuwa mzima, hana hata homa."

Mdomo alitafsiri huku akimimina chai, chupa mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Sasa lugha ile ya mgeni ina ukorofi wake. Huwezi kusema "yeye" ukajiendea. Inataka ujue yeye ni wa kiume au wa kike, na kila mmoja ana neno lake. Sisi kwetu yeye ni yeye, yameisha. Ulimi ukateleza, Mdomo akamwita mtoto yule kwa neno la kiume. Alijua palepale. Alitaka kusahihisha, lakini Redio alikuwa ameshahamia kwa mtu mwingine mwenye kesi ya kiwanja, na Mdomo akajiambia, ah, mgeni anataka kumwombea tu, Mungu anajua alikuwa nani. Akaweka chupa mezani.

Ibada ilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Mgeni alihubiri habari ya kusikia sauti ya Mungu, na alihubiri vizuri, lazima kusema haki. Mdomo alimfuata neno kwa neno. Mwishoni mgeni akashuka jukwaani, akatembea kati ya viti hadi dirishani, Mdomo nyuma yake na maiki yake. Akasimama mbele ya kitambaa cha bluu, akafumba macho.

"Ninaona kaburi," akasema kwa lugha yake.

"Ninaona kaburi," akasema Mdomo.

"Kaburi dogo. Bwana ananionyesha mama aliyempoteza mtoto wake wa kiume."

Mdomo akasita kidogo tu. Ilikuwa rahisi mno kuliziba kosa lake. "Bwana ananionyesha mama aliyempoteza mtoto wake," akasema, na lile la kiume akalimeza. Kanisa likaguna kwa mshangao. Wifi akainua uso, na Mdomo akauona uso ule, uliokuwa umefungwa tangu siku ya mazishi, ukifunguka. Alikuwa anaamini. Alikuwa anafikiri hatimaye Mungu amemwona na amekuja kumjibu swali lake.

Mgeni akaendelea, sauti imeshuka. Bwana anasema: mimi nilimchukua mwanao wa kiume kwa sababu ya dhambi uliyoificha. Itubu leo, nami nitakupa mwingine.

Mdomo hakusema kitu.

Alikuwa ameelewa kila neno. Zamu ilikuwa yake kufungua kinywa na kumwambia wifi yake, kwa Kiswahili safi, kwamba mimi nilimchukua. Ndani ya kimya kile akasikia: usiseme. Hapakuwa na ngurumo, na mwili haukumsisimka. Ilikuja kama mtu anavyokukumbusha kitu, kwa upole uleule na haraka ileile ya siku ya jiko, na safari hii hakuhitaji kwenda nyumbani kuhakikisha.

Mgeni akadhani hajaelewa, akarudia polepole.

"Mdomo, tafsiri," akasema Mchungaji kutoka mbele.

"Sisemi," akasema Mdomo, na kwa kuwa maiki ilikuwa wazi, hata wa mlangoni walisikia.

"Mwanangu, wewe ni bomba."

"Bomba halina masikio, Mchungaji. Mimi ninayo." Akaishika maiki kwa mikono miwili. "Mgeni wetu anasema," akaanza, na watu wakatazamana, maana Mdomo hakuwahi hata siku moja kusema "anasema." "Anasema Mungu amemwonyesha mtoto wa kiume. Nyinyi mlikuwa makaburini. Tulizika mtoto gani?"

Kutoka viti vya wazee mama mkwe akajibu, bila maiki: "Wa kike. Mjukuu wangu alikuwa wa kike."

"Wa kiume nimemzaa mimi," akasema Mdomo. "Asubuhi hii, ofisini, nikimimina chai. Mzee wetu alieleza habari za wifi yangu, mimi nikatafsiri, ulimi ukateleza. Na hapa sasa hivi nimelificha kosa hilo ili mambo yaende, na kwa hilo naomba radhi. Lakini niambieni, ni Mungu gani huyu anayekosea kosa langu mimi?"

Redio alikuwa ameinamia viatu vyake. Mchungaji alishuka jukwaani, kijasho kikimtoka, na Mdomo alimpenda mzee yule, ndiyo maana iliuma. "Lete maiki," akasema Mchungaji kwa sauti ndogo. "Mwombe mtumishi wa Mungu msamaha. La sivyo hutasimama tena hapa mbele."

"Basi sisimami," akasema Mdomo. Akampa maiki mkononi, kwa heshima, kisha akajipenyeza kwenye benchi akaketi kando ya wifi yake. Waliodhani atatoka nje walikosea. Lile lilikuwa kanisa lake, na benchi lilikuwa na nafasi.

Mgeni akaanza kusema tena, kwa nguvu, mikono hewani. Hakuna aliyemwelewa. Midomo ilicheza, watu wakaitazama, mtoto mmoja akaanza kuulizia maji. Hapo Redio akapata tena sauti yake. "Na wewe," akasema, "nani amekwambia usiseme? Darasani tulifundishana kupima sauti. Ya nani hiyo?"

Mdomo akageuka. "Yuleyule wa maharage."

Kikatoka kicheko, na hakikutoka kwa kinyozi wala kwa vijana wa nyuma. Alikuwa wifi. Alicheka kwa mkono mdomoni, mabega yakiruka, mpaka machozi yakaja, na machozi yalipokuja hayakukoma, akalia na kucheka kwa pamoja mbele ya watu wote aliokuwa anaogopa wasimkodolee macho. Kisha akamwinamia Mdomo.

"Alitaka kuniambia nilichofanya, siyo?"

"Ndiyo."

"Na si kweli."

"Si kweli, wifi."

Wifi akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. Akasimama. Alimtazama mgeni usoni, yule mtu mrefu ambaye sasa alikuwa amenyamaza, akasema taratibu, bila kupaza: "Alikuwa wa kike. Na mimi sikufanya kitu."

Mgeni akamtazama, asielewe, kisha macho yake yakamtafuta Mdomo, kwa mazoea. Mchungaji aliishika maiki kifuani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wengine. Hakumzuia mtu.

Mdomo akainuka pale pale kwenye benchi, hana maiki, akamtafsiria mgeni maneno ya wifi yake, yote mawili, na "mimi" akaitamka kama yake. Na kwa mtoto alitumia neno la kike.