Mfenesi Aliyetaka Picha ya Ukungu

Usiku wa kuamkia leo nililala na hasira, maana mdogo wangu Mhina alikuwa ameapa kwamba kukikucha tu anaukata mfenesi wa marehemu mama, apate pa kuegesha pikipiki. Nilimbembeleza mpaka mate yakanikauka. Basi nikaota mfenesi mwenyewe anabisha hodi.

"Dada Mwanaidi, nipeleke studio," akasema. "Nikifa nibaki hata ukutani."

Nani angekataa? Nikamshika tawi, tukatoka. Ua wetu umekuwa studio ya kizamani, yenye pazia lililochorwa ziwa. Mpiga picha ni kamera yenyewe: sanduku la mbao lenye miguu mitatu, limejitanda shuka jeusi kama mgonjwa wa homa.

"Watu siwapendi," kamera anasema. "Wanapepesa macho. Mti una adabu."

"Mimi nataka ya ukungu," mfenesi anasema, amempakata fenesi mmoja kiunoni. "Ile ya sanaa. Ngozi yangu ina makovu na utomvu."

Kamera anakubali. Anajipaka mafuta ya nazi jichoni mpaka dunia yote inafifia.

"Upepo, nje!"

Upepo unachukua viatu vyake na kutoka, umenuna.

"Picha yangu inachukua muda," kamera anaendelea. "Atakayetikisika kabla sijafumba jicho, hatakuwemo. Si kwenye picha tu. Hatakuwemo kabisa."

Ziwa la kwenye pazia likacheka kidogo, mawimbi yakacheza. Pakabaki kitambaa kitupu.

Jicho likafunguka. Hapo hapo Mhina anaingia na shoka. Chuma chenye vidole viwili kinachomoka sakafuni, kinambana kisogo, kama walivyobanwa wateja wa zamani wasitikise kichwa. Tangu jioni nilikuwa namwogopea mti, sasa namwogopea ndugu yangu. Mhina hajawahi kutulia. Hata kwenye msiba wa mama alikuwa anachezesha goti.

"Usitikisike, baba," nasema bila kufungua mdomo.

"Dada, nawashwa pua."

"Washwa tu."

Chozi linamshuka, halifuti. Mfenesi, bila kutikisa hata jani, anamwambia: "Vumilia, mwanangu. Mama yako alikuwa akikuogesha anakuegemeza kwangu. Ulikuwa unalia hivi hivi."

Jicho likafumba, kwap! Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikimbia uani hata kanga sijaifunga vizuri. Mfenesi upo pale pale. Mhina amekaa chini yake, kaegemea shina, shoka limelala kwenye majani.

"Dada, hebu nikande," akasema. "Sijui nimelalaje, shingo haigeuki."

"Na mti?"

Akalisukuma shoka kwa mguu. "Uache. Pikipiki nitailaza sebuleni."

Nikataka kucheka, nikajikuta nalia. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamshusha kola nianze kumkanda. Kisogoni palikuwa na alama mbili nyekundu, zimelingana, kila moja ukubwa wa kifungo cha shati.